Mtoto Asomee Nyumbani au Shule ya Umma? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Imani na Masomo

Barua za toleo hili zinajibiwa na mwalimu mstaafu wa Elimu ya Dini ya Kikristo, ambaye pia ni mzee wa kanisa katika Kaunti ya Kakamega.

SWALI: Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu na tunaishi Lanet, Nakuru. Mume wangu ni fundi wa umeme, nami ninauza nguo sokoni siku nne kwa wiki. Kifungua mimba wetu yuko Gredi ya 4 katika shule ya umma, na darasa lake lina watoto zaidi ya sabini. Muhula uliopita alikuja akanisimulia kuhusu video chafu aliyoonyeshwa na wenzake katika simu iliyoingizwa shuleni kwa siri, na tangu siku hiyo sijatulia. Katika ushirika wetu kuna familia mbili zinazosomesha watoto nyumbani kwa vitabu vya Kikristo kutoka Marekani. Watoto wao wana adabu, na wanayajua Maandiko kutushinda sisi wazazi. Wanatuambia kwamba kumpeleka mtoto shule ya serikali ni kumkabidhi kwa dunia. Mume wangu anasita, na mama mkwe amesema tukiwatoa watoto shuleni atakwenda kwa chifu. Je, tunamkosea Mungu tukiwaacha watoto wetu katika shule ya umma? Na sheria inasemaje?
Mama wa watatu, Nakuru

JIBU: Amina, dada yangu. Nitaanza na sheria ingawa umeiuliza mwisho, kwa sababu ndiyo inayoweza kuwaumiza kwa haraka iwapo mtaamua bila kuijua. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaongeza kwamba ni wajibu wa mzazi kuhakikisha mtoto wake anahudhuria shule, na kwamba mzazi anayekaidi bila sababu ya maana, hata baada ya kupewa ilani ya maandishi na Bodi ya Elimu ya Kaunti, anatenda kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wajibu huo hauishii shule ya msingi. Unaendelea mpaka mtoto amalize sekondari.

Jambo hili limewahi kufika Mahakama Kuu, na chanzo chake kilikuwa huku kwetu magharibi. Mzazi mmoja wa Butere alishtakiwa kwa kuwasomesha watoto wake nyumbani, naye pamoja na mzazi mwingine wakaiomba mahakama itangaze kwamba masharti ya kumlazimisha mtoto kuhudhuria shule yanakiuka Katiba. Mwaka 2021 ombi lao lilikataliwa. Kwa hiyo wanaowaambia kwamba sheria iko kimya, au kwamba uhuru wa kuabudu ulio katika kifungu cha 32 unatosha kumkinga mzazi, hawajawaambia yote. Ni kweli kwamba ziko familia zinazosomesha watoto nyumbani bila kubughudhiwa na mtu, lakini kutobughudhiwa na kuruhusiwa ni mambo mawili, na inatosha jirani mmoja kufika ofisini kwa chifu ili tofauti hiyo ionekane.

Nasema haya bila kufurahia hali ilivyo. Naona kwamba sheria yetu imewatia kapu moja wazazi wa namna mbili wasiofanana kabisa: yule anayemfungia mtoto nyumbani akakua bila kujua kusoma, na yule anayeamka alfajiri kumfundisha wake hisabati. Afrika Kusini, kwa mfano, iliwatenganisha wazazi hao katika sheria yake ya shule ya mwaka 1996, kwa kumruhusu mzazi kusomesha nyumbani akishamsajili mtoto kwa ajili hiyo. Bunge letu lingeweza kuweka utaratibu kama huo wa usajili na ukaguzi, na Wakristo wanaoliamini jambo hili wana haki ya kulipeleka kwa wabunge wao badala ya kujificha. Lakini lazima pia tuelewe kwa nini maafisa wamekuwa wakali. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya waumini wa kikundi kimoja cha dini ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miongoni mwa mafundisho yaliyoripotiwa kutolewa kwa waumini wale ni kwamba elimu ya shule ni uovu. Tangu hapo, chifu akisikia kwamba familia imewatoa watoto shuleni kwa sababu ya dini, haulizi kwanza mnatumia vitabu gani.

Sasa nije kwa zile familia mbili za ushirika wenu, ambazo sitaki uzione kama watu waliopotoka. Ikiwa vitabu vyao ni vya mfumo wa Accelerated Christian Education, ulioanzishwa Texas mwaka 1970 na ambao unatumika katika nyumba na vituo kadhaa vya Kikristo nchini, basi ninajua wanachokipenda. Katika mfumo huo kila somo limegawanywa katika vijitabu 12 kwa mwaka. Mtoto hupanga mwenyewe kila siku kurasa atakazozimaliza, husoma peke yake akiwa amekaa mahali palipotengwa kwa ubao pande zote mbili ili asimtazame mwenzake, na akikwama husimamisha kibendera kidogo mezani ili mtu mzima aje amsaidie. Akimaliza kurasa zake huenda kwenye meza nyingine yenye vitabu vya majibu, akasahihisha kazi yake kwa mkono wake, kisha akarudi kuyarekebisha aliyokosea. Havuki kwenda kijitabu kinachofuata mpaka apate alama 80 kwa 100 katika mtihani wa kile alichomaliza. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza kusoma kwa utulivu, hujifunza kutokuiba majibu hata yakiwa mbele yake, na hasukumwi kwenda darasa la juu huku hajaelewa la chini. Mimi niliyewahi kuwaona wanafunzi wakifika sekondari bila kuweza kusoma aya moja ya Kiingereza na kuieleza siwezi kuyadharau hayo.

Upungufu wake nao ni wa kweli. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa Marekani haviwezi kumfundisha mtoto wa Nakuru kuandika insha ya Kiswahili, wala kumweleza Bonde la Ufa lilivyotokea au serikali za kaunti zinavyofanya kazi. Mzazi asipoyajaza mapengo hayo mwenyewe, mtoto atafika umri wa miaka kumi na mitano akiwa anaitaja mito ya Marekani bila kuijua Nzoia. Mazoezi mengi ni ya kujaza nafasi iliyoachwa wazi, na mtoto anayejaza nafasi kwa miaka hapati mazoezi ya kutosha ya kujenga hoja, kuandika kurasa mbili kutoka kichwani mwake, wala kubishana kwa heshima na mwenzake asiyekubaliana naye. Sayansi ya maabara ni shida nyingine, hasa baada ya Gredi ya 7.

Lakini hata mapengo hayo yote yakijazwa, kuna swali moja ambalo ningependa wewe na mume wako mlijibu mkiwa mmekaa pamoja: ni nani atakayekuwa nyumbani? Umeniambia kwamba unauza nguo siku nne kwa wiki na mume wako ni fundi, yaani anaondoka asubuhi na kurudi kazi inapokwisha. Watoto wa familia zile wana adabu, na sifa ya hiyo sitaipa vitabu peke yake, kwa sababu nadhani ukichunguza utakuta kwamba mama au baba yuko nao kutwa, anawasikiliza, anawarekebisha, anakula nao chakula cha mchana na kuwajibu maswali yao. Mkinunua vitabu vilevile na kumwachia dada wa kazi mtoto wa Gredi ya 4 na wadogo zake wawili, hamtakuwa mmewasomesha nyumbani. Mtakuwa mmewaacha nyumbani. Na ukiacha biashara ili ubaki nao, fanyeni kwanza hesabu ya kodi, chakula na vitabu kwa kipato cha mume wako pekee, tena katika mwezi ambao kazi za umeme zimekuwa chache.

Kuhusu kwamba shule ya serikali ni dunia, ninalipinga, na historia ya eneo letu inanisaidia. Wamishonari wa kanisa la Friends (Quaker) walifika Kaimosi mwaka 1902, na wale wa Kianglikana wakaanzisha shule ya Maseno mwaka 1906. Kanisa la Mungu na Wakatoliki nao walijenga shule kila walipojenga kanisa, na mara nyingi jengo lilikuwa ni lile lile. Serikali ilizichukua shule hizo kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 na kanisa likabaki kuwa mdhamini. Nafasi hiyo haijafutwa. Sheria ya mwaka 2013, katika kifungu cha 27, inampa mdhamini haki ya kuwakilishwa katika Bodi ya Usimamizi ya shule, kushauri kuhusu mambo ya kiroho, na kudumisha malezi ya kiroho ya wanafunzi huku akiheshimu imani za wengine. Nenda katika shule ya mtoto wako utazame maandishi yaliyo langoni au uliza ofisini mdhamini ni nani. Huenda ukakuta ni kanisa unalolifahamu, na kwamba mwakilishi wake katika bodi ni mtu ambaye unaweza kumpigia simu.

Hata pale ambapo mdhamini amelala, ratiba yenyewe ina nafasi. Elimu ya Dini ya Kikristo ni somo katika mtaala wa umilisi (CBC), na zaidi ya hilo kuna kipindi kimoja kwa wiki cha mafundisho ya kichungaji, ambacho kila dhehebu linaweza kumtuma mtu wake kuja kufundisha. Nimeona kipindi hicho kikiendeshwa vizuri: Wakatoliki katika darasa moja wakiwa na katekista, watoto wa Friends ukumbini, Waadventista chini ya mti wakiimba, na Waislamu wakiwa na ustadhi wao katika chumba cha jirani. Nimeona pia shule nyingi ambamo kengele ya kipindi hicho hupigwa na hakuna mtu anayetokea lango la shule, watoto wakabaki wakipiga kelele au wakapewa mazoezi ya hisabati. Hilo linaniuma zaidi ya mengi ninayosikia yakisemwa dhidi ya shule za umma. Serikali imeliachia kanisa nusu saa ya watoto mia kadhaa kila wiki, na kanisa halijafika. Kama ushirika wenu una watu wenye ari ya kuwafundisha watoto wao nyumbani, basi mmoja wao amwendee mwalimu mkuu, akiwa na barua ya mchungaji, aombe kupewa kipindi hicho.

Nije kwa ile video. Jambo la kwanza, na naomba ulishike, ni kwamba mtoto wako alikuja kukuambia. Watoto wengi huona mambo hayo wakanyamaza kwa sababu wanaogopa kuchapwa au kuulizwa kwa ukali kwa nini walitazama. Ukimtoa shuleni wiki hii, atajifunza kwamba kusema ukweli kumempotezea marafiki, na siku nyingine hatasema. Mkalishe chini mahali patulivu, umshukuru kwa kukuambia, umweleze kwa maneno ya wazi yanayolingana na umri wake kwamba mwili ni wa heshima, kwamba watu wakubwa waliotengeneza picha zile wanakosea, na kwamba akionyeshwa tena ageuke na aende kwa mwalimu. Kisha nenda shuleni. Anza na mwalimu wa darasa, si kwa kumshutumu mbele ya watoto, na mkielewana mwende pamoja kwa mwalimu mkuu na kwa mwalimu anayehusika na ushauri nasaha. Uliza simu iliingiaje, ni nani anayekagua, na wazazi wa watoto waliohusika wameambiwa nini. Usipopata jibu, chama cha wazazi kina kikao, nawe una haki ya kuliweka jambo hilo katika ajenda. Na usisahau kuangalia simu zilizo ndani ya nyumba yenu, kwa sababu mtoto anayesomea nyumbani kwa kutumia intaneti bila uangalizi yuko karibu na uchafu huo kuliko aliye darasani.

Darasa la watoto sabini ni shida ya kweli, na hakuna haja ya kuipamba. Serikali imepanga shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na hata fedha hizo hufika kwa kuchelewa. Mwalimu mmoja hawezi kusahihisha madaftari sabini ya insha kila wiki na kumweleza kila mtoto alipokosea. Hapa ndipo ningewaomba mwige mema ya zile familia mbili bila kuacha shule. Kila jioni, kabla ya chakula, mtoto asome kwa sauti ukurasa mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kiingereza huku mmoja wenu akimsikiliza. Fungua daftari la hisabati uone kilichofanywa siku hiyo, na palipo na kosa mkalifanye upya. Kazi za CBC zinazotaka kuchapishwa saiba au kutafutwa kwa bando, mjue mapema zisije zikafanywa usiku wa manane na mama huku mtoto amelala. Kisha msome Neno pamoja, kwa ufupi, na mtoto naye aulize.

Ukikifungua Kumbukumbu la Torati sura ya 6, utaona kwamba wazazi wa Israeli waliagizwa kuyafundisha maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Saa hizo zote bado ni zenu. Hakuna mwalimu mkuu anayezidai, na mara nyingi ni televisheni na uchovu vinavyozichukua. Wengine hutaja mfano wa Danieli, aliyesomeshwa elimu ya Wakaldayo akabaki mwaminifu, na wanaosomesha nyumbani huwajibu kwamba Danieli alikuwa kijana aliyekwisha kulelewa, wala hakuwa mtoto wa miaka tisa. Wana haki kusema hivyo, na ndiyo sababu nimekaa sana kwenye hizo saa za jioni: malezi yaliyomfanya Danieli akikatae chakula cha mfalme yalifanyika kabla hajapelekwa Babeli.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hamumkosei Mungu. Wabakizeni watoto shuleni, mwingie shuleni pamoja nao, na mzikomboe jioni zenu. Ikiwa baadaye mtaona shule hiyo haifai kabisa, kuna njia iliyo kati, nayo ni shule ya binafsi au kituo cha Kikristo kilichosajiliwa, hata kama kinatumia mtaala wa nje. Ombeni kuonyeshwa cheti cha usajili kabla ya kulipa hata shilingi moja. Na mama mkwe wako msimwone kuwa adui wa imani yenu. Yeye ni wa kizazi ambacho mzazi aliuza ng'ombe ili mtoto alipiwe karo, kabla ya elimu ya msingi kufanywa ya bure mwaka 2003, na kumwona mjukuu akiondolewa darasani kunamtia hofu ambayo nyinyi hamjaipitia. Mume wako na aende kwake peke yake, amweleze mlichoamua, na amwombe awasikilize watoto wakisoma siku wanapomtembelea.

SWALI: Ndugu Mwalimu, shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mtoto wetu wa kwanza alikuwa chekechea. Mke wangu, ambaye amesomea ualimu, alianza kuwafundisha nyumbani, na shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 tuliona wanaendelea vizuri tukaacha hivyo. Sasa mkubwa ana miaka 12 na anafanya kazi za Gredi ya 6. Nimeanza kupata wasiwasi kuhusu mitihani na chuo kikuu. Tufanye nini?
Baba, Mumias

JIBU: Ndugu yangu, mke wako anastahili heshima kwa kazi aliyoifanya, na wasiwasi wako umekuja wakati unaofaa, kwa maana ungechelewa mwaka mmoja au miwili mambo yangekuwa magumu. Chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 mtoto aliweza kusoma popote, mradi tu asajiliwe mahali fulani kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika mfumo wa sasa alama zinazompeleka mtoto sekondari ya juu hukusanywa njiani: asilimia 20 hutokana na tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 hutokana na tathmini zinazofanyiwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 hutokana na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9. Tathmini za shuleni huandaliwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa, lakini ni shule inayozisimamia na kuziwasilisha alama. Mtoto asiyekuwa katika orodha ya shule yoyote hana wa kumwasilishia.

Ninawashauri mwende shuleni sasa, mtoto angali Gredi ya 6. Chukueni cheti chake cha kuzaliwa, madaftari ya miaka miwili ya karibuni, na rekodi zozote ambazo mama yake ameziweka. Zungumzeni na mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu, kwa kuwa tangu mwaka 2023 sekondari msingi iko katika shule hizo hizo za msingi, na ombeni apimwe ili awekwe katika gredi inayomfaa na kupewa nambari ya tathmini. Mkishakubaliana, mfike wenyewe kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Mzazi anayekuja kwa hiari, akiwa na mtoto anayesoma vizuri na madaftari yaliyojaa, hupokewa tofauti na anayeletwa na askari wa utawala. Wadogo zake nao msiwaache nyuma.

Njia nyingine ni mitihani ya Cambridge, yaani IGCSE, ambayo mtahiniwa wa kibinafsi anaweza kuifanya kupitia kituo kilichoidhinishwa. Vyuo vikuu vinaitambua, na vyeti vya nje hulinganishwa na vya Kenya kupitia mamlaka ya kitaifa ya kufuzu, KNQA. Lakini kila somo hulipiwa kivyake na kwa bei ambayo familia nyingi za Mumias hazitaiweza, na tena haiondoi ule wajibu wa kisheria nilioueleza katika jibu la kwanza. Kwa watoto wa mwalimu aliye nyumbani, shule ya karibu kutwa na mama jioni ni mpango ambao ningeuchagua bila kusita.

SWALI: Mwalimu, sisi ni Waadventista Wasabato, Nyamasaria, Kisumu. Kijana wetu yuko Gredi ya 8 katika shule ya kutwa ya umma, na sasa wanatakiwa kufika Jumamosi kwa masomo ya ziada. Asipokwenda anaadhibiwa Jumatatu. Baadhi ya ndugu kanisani wanasema suluhisho ni kumtoa tumsomeshe nyumbani.
Mzazi, Kisumu

JIBU: Msimtoe. Katika jambo hili sheria iko upande wenu, na itakuwa hasara kuukimbia uwanja ambao mmekwisha kuushinda. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyoletwa na kanisa lenu dhidi ya Waziri wa Elimu, iliamua kwamba wanafunzi Waadventista wapewe nafasi ya kuiadhimisha Sabato yao. Zaidi ya hayo, kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zimeweka saa za masomo kwa shule za kutwa kuwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Masomo ya Jumamosi hayamo katika saa hizo kwa mtoto wa dhehebu lolote. Na ikiwa adhabu ya Jumatatu ni kiboko, hiyo imekatazwa kabisa na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi.

Walimu wengi hufanya hivi kwa nia njema, wakitaka kumaliza silabasi kabla ya KJSEA, kwa hiyo nendeni kwa upole. Andikeni barua fupi kwa mwalimu mkuu, mkitaja jina la mwanafunzi, gredi yake na siku alizoadhibiwa, mkiomba aruhusiwe kutofika Jumamosi na apewe kazi ya siku hiyo aifanye Jumapili. Ambatanisheni barua ya mchungaji wenu. Kama kuna Waadventista wengine katika darasa hilo, wazazi wote watie sahihi barua moja. Mkikosa jibu katika wiki mbili, nakala iende kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Kijana naye aifanye kweli hiyo kazi ya Jumapili na kuipeleka Jumatatu asubuhi, ili asiwepo mwalimu wa kusema kwamba Sabato imekuwa kisingizio. Barua mnayoipeleka iwe na nakala ya pili, mwombe karani aipige muhuri na kuandika tarehe aliyoipokea, kisha mwiweke nyumbani pamoja na vyeti vya kijana.